Kirusi cha Mzee Klorini

Kama kuna mtu anayemcheka Mzee Klorini kuliko majirani zake, basi ni Mzee Klorini mwenyewe, kwa hiyo msinilaumu mimi kwa kumsema. Ruhusa ninayo. Tatizo ni kwamba akisimulia yeye, huanza kwa kusema, "Mimi bwana nilikuwa mjinga mwenye pampu," halafu hucheka mpaka akapaliwa, na kisa chenyewe hakifiki mwisho. Basi ngoja nikisimulie mimi, yeye abaki na kikohozi chake.

Kazi yake ni kupuliza dawa, hiyo klorini iliyompa jina. Ofisi, mabweni, maghala, kumbi za kungojea wagonjwa, popote watu wanapohofia vijidudu huitwa yeye. Huvaa ovaroli nyeupe, mabuti ya mpira na barakoa, akajitwika pampu mgongoni. Mkono mmoja unasukuma mpini, mwingine umeshika mpira wa kunyunyizia. Hutembea kinyumenyume kutoka ukuta wa mwisho hadi mlangoni, asije akakanyaga alipokwisha pita. Mkewe husema hata maishani mumewe huenda hivyo hivyo, kitako mbele, ndiyo maana anagonga vitu.

Zamani hakuna aliyemjali. Ukaja ule mwaka wa maradhi, watu wakajifungia ndani, na ghafla mpuliza dawa akawa mtu. Mameneja waliokuwa hawamwitikii salamu wakawa wanamfungulia mlango kwa mikono yao na kumwita mkuu. Loo, kichwa kikamvimba! Maradhi yakapita, uvimbe ukabaki. Vita vile vya vijidudu akarudi navyo nyumbani. Vitasa vya milango, rimoti ya televisheni, viatu vya wageni wakiwa bado wamevivaa, vyote vilipulizwa. Waridi la mkewe lililokuwa kwenye kopo mlangoni lilikauka, na mama wa watu akanuna mwezi mzima. Uani kwake hata sisimizi walipita kwa kunyata.

"Huko nje ni pori," alikuwa akisema huku anafunga dirisha, "na humu ndani ni kwa watu. Pori lisiingie."

Pori lenyewe, msije mkadhani ni msitu, lilikuwa mtaa wa nyumba za matofali wenye fundi viatu na kinyozi.

Mtoto anaye mmoja tu, binti, mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na baba yake humwita hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi ikiwa kuna mtu anapita. Mume wa Mwalimu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Mimba yao ya kwanza ilitoka. Daktari alisema kondo la nyuma, lile linalomshikilia mtoto kwa mama yake na kumlisha, halikushika vizuri. Siku hiyo Mzee Klorini alilia bafuni huku amefungulia bomba ili asisikike, na akasikika.

Ya pili ilipoingia na tumbo likawa kubwa, mume akiwa njiani, Mwalimu akaja kukaa kwa wazazi wake mpaka ajifungue. Alikuja na sanduku moja na sharti moja.

"Baba, nakaa hapa, lakini hiyo dawa yako ikome. Harufu yake inanibana kifua. Ukipuliza tu, mimi huyoo kwa mama mkwe."

"Nimeacha."

"Apa."

"Naapa kwa pampu yangu."

"Apa kwa kitu kingine, Baba."

Akaapa kwa mjukuu. Na hapo hakuwa anafanya mzaha, kwa sababu duniani alibakiwa na shida moja tu: mtoto yule azaliwe mzima, na nyumba ya kwanza atakayolala iwe ya babu yake. Hata jina la babu alikuwa ameshaanza kulifanyia mazoezi. Akijinyoa asubuhi alijiambia kwenye kioo, "Babu, hujambo? Sijambo." Mkewe alimsikia, hakumcheka, maana naye alikuwa na mazoezi yake ya kuitwa Bibi.

Pampu ikalala stoo. Vitasa vikashikwa na kila mtu. Mzee Klorini akavumilia, akatokwa na jasho, akavumilia tena. Angefika salama kabisa kama si neno moja.

Siku hiyo mchana amejilaza kwenye kochi, mkewe akaja kutoka jikoni anafuta mikono kwa kanga.

"Baba Mwalimu, umejua binti yako ana Kirusi?"

"Kirusi? Cha kuongea?"

"Mimi nimemsikia kwenye simu, anamwambia mwalimu mwenzake. Anasema bila Kirusi hii mimba isingeshika."

Mzee Klorini alifikiri. "Mkwe wetu huyu huyu wa malori? Kirusi amejifunzia wapi?"

"Labda anapeleka mizigo huko."

"Kwa lori?"

"Basi mimi sijui. Usinigombeze, mimi nimesikia tu. Amesema kiko kwenye kondo."

Neno hilo kondo likamwinua kwenye kochi. Lugha haikai kwenye kondo. Kirusi! Kimoja! Miaka yote hiyo yeye husema virusi, virusi, kwa wingi wao, na hakuwahi hata siku moja kukitaja kimoja kilichojitenga na wenzake. Ndiyo maana kilipokuja peke yake hakukitambua.

Sasa sikilizeni ujinga wa mwanamume huyu. Mwalimu alikuwa chumba cha pili. Mlango uko wazi. Amekaa kitandani anatafuna karanga na kusahihisha mitihani. Hatua chache tu, baba anaingia, anauliza, "Mwanangu, kirusi gani?" anajibiwa, mambo yanakwisha. Hapana. Yeye alikaa pale akapiga hesabu zake mwenyewe: ile ya kwanza iliharibika kwenye kondo, kirusi kiko kwenye kondo, binti anatuficha ili tusiogope, na katika ukoo huu mzima mtu anayejua kuua virusi ni mmoja. Akajiona.

Kesho yake asubuhi mama na binti wakaenda kliniki. Walipokata kona tu, stoo ikafunguliwa. Alichanganya kali, ile ya vyoo vya stendi. Akafunga madirisha pori lisiingie, akaanza ukuta wa mwisho, akirudi kinyumenyume, analia na kupuliza, anapuliza na kulia. Godoro, mapazia, neti. Alifungua hata begi la nguo za mtoto. Humo mlikuwa na sweta ndogo ya njano ambayo mkewe ameifuma kwa mkono wake, ile ya kumtolea mtoto hospitali, na matone yalipoigusa rangi ikaanza kukimbia mbele ya macho yake, ikabaki na madoa meupe. Aliikunja, akaiweka chini kabisa ya begi. Kumbe alijua anachofanya si kizuri, maana mtu hafichi kitu anachojivunia.

Wakarudi wamechoka na jua. Mwalimu akaingia chumbani, akajitupa kitandani. Kikohozi alichokohoa, majirani walikisikia. Macho yakamchuruzika, akashindwa kuvuta pumzi, akatoka anapapasa ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine.

"Mama, tumbo linakaza!"

Fundi viatu alikimbia kutafuta gari. Mzee Klorini alisimama katikati ya sebule na mikono yake miwili haina la kufanya. Mkewe alipita mbele yake mara tatu, na hakumtazama hata mara moja.

Hospitali walimweka mpaka jioni, wakampa hewa, wakamsikiliza mtoto. Mapigo yalikuwapo. Tumbo likalegea. Daktari alipouliza kilichotokea nyumbani, mama wa watu alijibu kwamba wana mdudu mkubwa, amevaa mabuti. Mwalimu alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, na mama yake akamfuata. Baba aliyekuwa anasubiri getini aliambiwa neno moja tu kupitia dirisha la gari.

"Uliapa kwa mtoto, Baba."

Alirudi kwenye nyumba yake. Hakuna nyumba iliyokuwa safi kuliko ile, na humo ndani hakukuwa na mtu wa kuchafua hata kikombe. Alikula mkate mkavu amesimama. Alijaribu kujitetea mbele ya kioo, akashindwa kesi.

Siku ya tatu akaona heri aibu kuliko ukimya. Akaoga kwa sabuni mara mbili kuondoa harufu, akaenda kwa mkwe.

Mkwe huyu, mama wa dereva, ni mwanamke mnene wa vicheko, na anafuga kuku. Kusema anafuga ni kumpendelea. Kuku ndio wanaomfuga yeye. Wako uani, wako kwenye makochi, mmoja ametaga kwenye kofia ya marehemu mumewe na hakuna aliyemsumbua. Mzee Klorini alikaribishwa kiti ambacho chini yake alikuwapo jogoo. Aliketi kwenye ukingo, magoti pamoja, hajui aweke wapi mikono.

"Karibu, mkwe wangu," alisema mama wa dereva. "Leo pampu umeiacha na nani?"

Mwalimu akatoka ndani, akakaa mbele yake. Alikuwa mzima, amenawiri hata, na hilo lilimfurahisha baba na kumuuma kwa wakati mmoja.

"Baba, chumbani kwangu ulikuwa unatafuta nini?"

"Kirusi."

"Kirusi gani?"

"Kile cha kwenye kondo. Mama yako alikusikia."

Mwalimu alimtazama. Mdomo ukamcheza, akaubana. Hakuwa tayari kumpa baba yake kicheko. Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, aliinamia ungo.

"Basi sikiliza, na usinikatize. Kirusi hicho si ugonjwa. Kilituingia zamani, mamilioni ya miaka, kabla hakujawa na mtu wa kuitwa mtu. Kiliwaingia wanyama ambao sisi tumetokana nao. Kuna virusi vya namna hiyo, vikiingia kwenye seli vinajichomeka kwenye maandishi yake, yale yanayouambia mwili ujijenge vipi. Hiki kikaingia mpaka kwenye mbegu ya uzazi. Wapo waliokufa, pengine. Aliyepona akazaa, mtoto akazaliwa nacho, na mtoto wa mtoto. Hakikutoka tena."

"Hakikutoka? Hakuna aliyepuliza?"

"Baba!"

"Samahani."

"Kirusi kina ufundi wa kujigandisha na seli ili kipenye. Mwili ukauchukua ufundi ule ule, ukaufanyia kazi yake wenyewe. Kwenye kondo, seli zinaungana zinakuwa utando mmoja usio na ufa. Huku mimi, huku mtoto. Chakula kinapita, hewa inapita, damu zetu hazichanganyiki. Kinachoziunganisha ni kile kipande cha kirusi kilichobaki ndani yetu. Daktari aliponiambia safari hii kondo limeshika vizuri, nilifurahi, ndiyo nikamwambia mwenzangu kwenye simu kwamba bila kirusi mimba isingeshika. Ni mzaha wetu sisi walimu wa baiolojia."

Jogoo alitoka chini ya kiti, akamkanyaga Mzee Klorini buti, akaenda zake.

"Kwa hiyo na mimi nilikaa tumboni kwa mama yangu kwa msaada wa kirusi?"

"Wewe, na mimi, na kila mtu uliyewahi kumpulizia viatu. Tena bado unavyo. Ukiyagawa hayo maandishi ya mwili wako mafungu mia, kama manane hivi ni mabaki ya virusi vya kale."

"Na mafungu mengine?"

"Ubishi," akasema mkewe kutoka kwenye ungo, na mama wa dereva akaangua kicheko mpaka kuku wakaruka.

Mzee Klorini naye akacheka, kidogo, kwa kujiiba. Aliitazama mikono yake. Miaka yote anafunga dirisha kuzuia pori, na pori liko ndani, limekaa hapo kabla ya dirisha, kabla ya nyumba, kabla ya yeye mwenyewe, tena ndilo lililomlea.

"Sikwambii virusi ni ndugu zako," Mwalimu akaendelea, sauti imeshuka. "Vingine vinaua, umeviona. Wodini piga dawa, na Mungu akubariki. Mimi hasira yangu si ya dawa. Nilikuwa chumba cha pili, Baba. Kwa nini hukuniuliza?"

Hapo ndipo angeweza kutoa moja ya maneno yake makubwa.

"Niliogopa utasema ndiyo," alisema. "Mimba ile ya kwanza ilipotoka sikuwa na la kufanya. Nikaona safari hii nina pampu."

Mwalimu aliangalia pembeni, akajifuta macho kwa kiganja. Lakini ni mtoto wa baba yake, kichwa kigumu kile kile.

"Nenda nyumbani. Nikijifungua nitakuita, au sitakuita. Usije mpaka nikuite."

Akaenda. Akafungua madirisha yote. Sisimizi wakaingia kwa mstari, wa kwanza akisimamasimama kama haamini, wakaelekea kwenye makombo ya mkate, na mwenye nyumba akawaangalia bila kunyanyua mguu. Kazini akawa mtu wa kutazama simu. Anapuliza ukuta, anatazama. Anapuliza dari, anatazama. Mkubwa mmoja wa ghala alimwuliza kama anadaiwa. Akajibu, "Naam, mkuu, na kwa haki."

Simu ilipolia alikuwa kwenye ghala hilo hilo, pampu mgongoni. Ilikuwa ni mkewe.

"Baba Mwalimu, njoo. Amesema uje."

Aliitua pampu hapo hapo, akakimbia. Mtu mzima, mabuti ya mpira, ovaroli nyeupe, katikati ya barabara. Watu wakampisha wakidhani kuna maradhi mapya. Getini hospitali mlinzi akamzuia.

"Mzee, unanuka klorini mpaka huku. Wodi ya wazazi huingii hivyo."

Zamani sentensi hiyo angeichukua kuwa sifa. Siku hiyo aliivua ovaroli pale pale, akabaki na fulana yenye matundu na kaptula. Mlinzi akamwonea huruma, au akaionea huruma wodi, akamvalisha koti lake. Koti lilikuwa la kijani, zito, linanuka sigara na mvua, na kola yake haijawahi kuonana na maji. Mzee Klorini akalifunga vifungo vyote, akashukuru, akapanda ngazi.

Mlangoni akakutana na mkunga anatoka, kisichana kidogo chenye glavu, kimebeba beseni lililofunikwa.

"Wewe ndiye baba yake Mwalimu? Ingia, wanakusubiri. Mama mzima, mtoto mzima."

"Na hilo beseni?"

"Kondo la nyuma. Nimeshalikagua, limetoka zima, halina kasoro."

Akainua kitambaa pembeni ili mzee aone. Mzee Klorini akaona. Kitu chekundu, kizito, chenye mishipa inayotawanyika kila upande, kimemaliza kazi yake na hakidai shukrani kwa mtu. Akaweka mkono kifuani, akainama.

"Shikamoo," akasema.

Mkunga akashtuka, nusura aliangushe beseni. "Aa, Babu! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe!"

"Si wewe, mwanangu. Namwamkia huyu. Huyu ni mkubwa wetu sote, na mimi nilitaka kumpulizia."

Mkunga akaenda zake haraka, akigeuka nyuma mara mbili. Ndipo lile neno likamfikia. Babu. Ameitwa Babu, na hakuwa mbele ya kioo. Machozi yakaja hapo hapo, na hapakuwa na bomba la kufungulia.

Akaingia. Mwalimu ameegemea mto, uso umechoka, mkononi ana furushi. Furushi limevaa sweta ya njano yenye madoa meupe.

"Mmemvalisha hiyo?"

"Ndiyo sweta yake," alisema mkewe. "Nimeifua mara nne. Imetiwa saini na babu yake, tutaiacha?"

Akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mwalimu akamvuta mtoto kifuani.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mikono."

Akajitazama. Koti la mlinzi. Viganja vyeusi kwa kushika ukuta wa ngazi. Kwa miaka yote ile, Mzee Klorini mzima, siku pekee aliyosahau kunawa mikono ndiyo hiyo.

"Kanawe. Kwa sabuni, Baba. Sabuni tu, usitafute kingine."

"Nanawa, nanawa," alisema, na akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye sinki, macho hayamtoki mtoto, hatua kwa hatua kama aliye kazini, mpaka kitako kikagonga mlango kwa kishindo na wodi nzima ikageuka.

Mwalimu akaliinamia sikio dogo lile.

"Huyo ndiye babu yako," akamwambia mtoto. "Tunarudi kukaa kwake. Mzoee tu."